Jirani Zetu wa Kahuzi

 

Ukishika barabara ya Kavumu, ukafika Miti, ukakata kushoto na kuanza kupanda kati ya migomba na mashamba ya chai, haitachukua muda utakuwa Tshivanga. Kutoka hapa mjini Bukavu ni kilomita 30 hivi. Pale mashamba yanakoma na msitu unaanza, na ndiyo Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega. Ndani ya msitu huo anaishi mnyama ambaye hapatikani porini Rwanda, wala Uganda, wala kokote duniani isipokuwa mashariki ya Kongo yetu. Wataalamu wanamwita gorila wa Grauer, kwa jina la Mwaustria Rudolf Grauer aliyepita huku mwanzoni mwa karne iliyopita. Katika gorila wote, huyu ndiye mwenye mwili mkubwa kupita wengine.

Nimekuwa nikiwauliza vijana wa mji huu kama wamewahi kumwona. Wengi wanajibu hapana. Wanamjua kwa picha. Wazee wetu wanakumbuka gorila waliochapwa kwenye noti ya zaire 50,000 ya mwaka 1991, lakini hata wao, wengi wamefika uzeeni bila kukanyaga Tshivanga. Mtu anatoka Tokyo, mwingine anatoka Brussels, anavuka bahari kuja kumtazama mnyama huyu, na mtoto aliyezaliwa Nyawera anamaliza shule bila kujua mnyama huyo anaishi upande gani wa mji.

Hilo ndilo ninalotaka tulitazame leo. Ninaamini kwamba gorila wa Kahuzi ataokolewa na watu walio karibu naye, na kama hao hawataki au hawawezi, hakuna atakayemwokoa. Walio karibu naye ni sisi tunaopikia makala ya milima ile. Ni wakulima wa Kabare na Kalehe. Na kabla yetu sote ni Batwa, ambao msitu ule ulikuwa nyumba yao.

Nianze na ziara yenyewe, maana wapo wanaodhani mgeni anapelekwa kusimama mbele ya uzio. Hakuna uzio. Asubuhi mapema wafuata nyayo wanatangulia hadi mahali familia ya gorila ililala jana. Kila gorila aliyeacha kunyonya hujitengenezea kitanda chake kila jioni, cha matawi na majani yaliyokunjwa, analala humo usiku mmoja na kukiacha. Kutoka kwenye vitanda hivyo wafuata nyayo wanasoma njia: shina lililovunjwa, mavi ambayo bado yana joto, ganda la mwanzi lililotupwa. Mvua zinapoleta machipukizi ya mianzi, familia nzima huhamia kwenye mianzi. Wakati mwingine wanatafuta matunda, majani, mimea itambaayo na magome. Mgeni anafuata nyuma ya panga linalofungua njia. Inaweza kuwa mwendo wa saa moja, inaweza kuwa saa nne, kwenye mteremko wenye matope, upupu na siafu. Mvua ikinyesha, inanyesha juu yako.

Halafu kiongozi anasimama. Anatoa sauti nzito ya kooni, kama mtu anayesafisha koo taratibu. Ni salamu, gorila wenyewe husalimiana hivyo. Utasikia kabla ya kuona: tawi linakatika, mtoto analia kidogo, mtu mzima anajibu. Kisha majani yanafunguka na dume mkubwa yuko pale, amekaa, mgongo wake mweupe kama fedha umekuelekea, anakula. Anajua mmefika. Akigeuka na kukutazama machoni, kiongozi atakuambia uiname kidogo na usimkazie macho. Watoto wanapanda na kuteleza. Jike amempakata mtoto wake kifuani na anamchambua manyoya kwa vidole vinavyofanana kabisa na vyetu, vyenye kucha na mistari ya ngozi.

Mnakaa saa moja, basi. Mmevaa barakoa, mmesimama mbali kwa kipimo mlichoambiwa. Mwenye mafua au kikohozi hapandi mlimani, hata kama amelipa na ametoka mbali, na watoto wadogo hawaruhusiwi. Masharti haya yana sababu kubwa. Gorila anashika magonjwa yetu ya kifua, na mwili wake haujawahi kupigana nayo. Mafua ambayo wewe utayamaliza kwa siku tatu za chai ya tangawizi yanaweza kuua familia yote. Wapo wageni wanaonung'unika kwamba saa moja haitoshi, hasa baada ya safari ndefu. Mimi naona inatosha. Tunaingia nyumbani kwa mtu, na yeye hakutualika.

Sasa turudi nyuma kidogo. Wabelgiji walitangaza akiba ya wanyama katika milima hii mwaka 1937. Hifadhi ya Taifa ilizaliwa tarehe 30 Novemba 1970, na jina lake ni la milima miwili, Kahuzi wenye mita 3,308 na Biega wenye mita 2,790. Mtu anayetajwa sana ni Adrien Deschryver, Mbelgiji mpiga picha, aliyewazoesha gorila kuwaona watu kwa kuwatembelea kwa uvumilivu. Miongoni mwa familia za kwanza kujulikana ilikuwa ya dume aliyepewa jina Casimir. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watalii walikuwa tayari wanapanda Tshivanga, wakati sehemu nyingine za Afrika zinazosifika leo kwa gorila hazijaanza. Waliomwonyesha Deschryver njia walikuwa Batwa. Bila macho yao na masikio yao, asingemwona Casimir hata mara moja.

Hifadhi ya kwanza ilikuwa na kilomita za mraba 600. Mwaka 1975 ilipanuliwa hadi 6,000, ikateremka kutoka milimani hadi misitu ya chini ya Shabunda na Walikale, ikameza vijiji ambavyo watu wake hawakuulizwa. Na katika miaka hiyohiyo ya 1970, Batwa wa milimani walitolewa msituni. Walitolewa bila kupewa ardhi nyingine, bila fidia. Maelfu ya watu walioishi kwa asali, mizizi, dawa za miti na windo dogo walijikuta kando ya mashamba ya wengine, wakilima kwa ujira wa siku, watoto wao wakifa kwa maradhi ambayo dawa yake walikuwa wakiichuma wenyewe. Tulianza kuhifadhi msitu kwa kumfukuza aliyeujua kuliko wote. Kosa hilo halijarekebishwa hadi leo, na nitarudi kulizungumza, kwa sababu kila tatizo la Kahuzi linapita mlangoni kwake.

UNESCO iliiandika hifadhi katika urithi wa dunia mwaka 1980. Mwaka 1997 ikahamishiwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na bado iko hapo.

Kilichotokea miaka ile mnakijua, wengi wenu mmekiishi. Mwaka 1993 Maheshe, dume aliyependwa kuliko wote Tshivanga, aliuawa na majangili. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia kwa mamia ya maelfu, na kambi kama Kashusha na Inera zilipangwa kando ya barabara ileile ya Kavumu, chini ya msitu. Watu wenye njaa wanahitaji kuni, siwalaumu. Ikaja vita ya 1996, ikaja ya 1998. Walinzi wa hifadhi walinyang'anywa silaha, wakabaki na mikono mitupu mbele ya watu wenye bunduki. Tembo wa milimani walikuwa mamia. Kufika mwaka 2000 walikuwa karibu wamekwisha, kiasi kwamba kijana wa leo wa Miti akiambiwa babu yake alifukuza tembo shambani anafikiri ni hadithi. Gorila wa sehemu ya milimani walikuwa 258 mwaka 1990. Waliohesabiwa mwaka 2000 walikuwa 130.

Mwaka huohuo wa 2000 bei ya koltani ilipaa. Dunia ilitaka simu na mashine za michezo, na madini yanayotumika ndani yake yalikuwa chini ya miti yetu. Maelfu ya wachimbaji waliingia misitu ya chini ya hifadhi, mbali na soko lolote la mboga wala samaki, na wakala nyama ya pori. Gorila ni mnyama mkubwa, hutembea mchana, tena kwa kelele, na huacha njia pana nyuma yake. Kumpata ni rahisi. Katikati ya miaka ya 1990 wataalamu walikadiria gorila wa Grauer wote, katika mashariki yote ya Kongo, kuwa karibu 17,000. Hesabu iliyotolewa mwaka 2016 ilikuwa 3,800, na mwaka huo mnyama huyu aliwekwa katika daraja la hatari ya juu kabisa, hatua moja kabla ya kutoweka porini. Mwaka 2021 watafiti waliofika kwenye misitu ambayo zamani haikufikika kwa sababu ya vita walirekebisha makadirio hadi 6,800. Ni habari njema ya kuhesabu vizuri zaidi. Haina maana kwamba wameongezeka.

Kuzaliana kwao ni kwa polepole. Jike anabeba mimba miezi minane na nusu, anazaa mtoto mmoja, na hazai tena mpaka miaka minne hivi ipite. Si watoto wote wanaokua. Kwa hiyo gorila mmoja aliyeuawa kwa dakika moja anahitaji miaka mingi ya amani ili nafasi yake ijazwe. Na mara nyingi anayemuumiza hakumkusudia. Mtego wa waya uliowekwa kumnasa paa unamnasa mtoto wa gorila mkononi. Dume anayejulikana sana Tshivanga, Mugaruka, alipoteza mkono namna hiyo akiwa mdogo, akakua, akaishi msituni na mkono mmoja.

Pamoja na hayo yote, kuna jambo la kujivunia ambalo halisemwi vya kutosha. Gorila wa sehemu ya milimani ya Kahuzi walirudi kuongezeka. Kutoka 130 mwaka 2000, walihesabiwa 168 mwaka 2004, 181 mwaka 2010, na 213 mwaka 2015. Hakukuwa na muujiza. Kulikuwa na walinzi na wafuata nyayo, watoto wa vijiji vya hapahapa, walioendelea kupanda mlima kila asubuhi, wengine bila mshahara kwa miezi, wengine hawakurudi nyumbani. Wajane wao wanaishi kati yetu. Ukikutana na mmoja, mpe heshima anayostahili.

Sasa tuje jikoni kwetu. Bukavu ina watu zaidi ya milioni moja, na karibu kila nyumba bugali linasongwa na sombe inachemka juu ya makala. Magunia yanateremka kila siku kutoka upande wa Kabare na Kalehe, yanafika Kadutu, yanagawanywa kwa vindoo na vimifuko mpaka kwenye mbabula ya mama anayekaanga sambaza kando ya njia. Sehemu ya makala hayo inatoka kwenye mikaratusi iliyopandwa, na hiyo ni halali. Lakini sehemu nyingine inatoka ndani ya hifadhi, kwenye miti iliyokuwa mikubwa kabla babu zetu hawajazaliwa. Mama anayenunua hawezi kutofautisha, na hata angeweza, hana pesa ya kuchagua. Sitamhukumu mama huyo. Nitawahukumu wenye malori, wenye bunduki wanaotoza magunia njiani, na wenye vyeo wanaokula faida bila kushika panga wala koleo.

Njia ya kutokea ipo. Kule Rutshuru, Hifadhi ya Virunga ilijenga mtambo wa umeme wa maji wa Matebe, ulioanza kazi mwishoni mwa mwaka 2015, na umeme wake ukafika hadi nyumba na viwanda vya Goma. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka: ukitaka watu wasikate msitu, wape cha kupikia. Sisi tuna Ruzizi inayozungusha mitambo tangu zama za ukoloni, na umeme unakatika kila siku. Tuna Ziwa Kivu lenye gesi ya methani kwenye kina chake. Rwanda tayari inaichoma kutengeneza umeme, na upande wetu gesi imelala tu. Kila saa umeme unapokatika Bukavu, mti unaanguka mahali fulani. Kwa hiyo anayesimamia umeme wa mji huu anasimamia pia gorila, ajue au asijue.

Na mti ukianguka, anayelipa ni mtu. Mwezi Mei 2023, mvua iliteremsha udongo na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi, huko Kalehe. Waliokufa walipita 400. Milima iliyovuliwa miti haishiki maji. Sisemi kwamba mti mmoja ungezuia yote. Mvua ile ilikuwa kubwa mno. Lakini mkulima yeyote wa Kalehe atakuambia tofauti ya mto unaotoka kwenye msitu na mto unaotoka kwenye mlima mtupu, na anaijua kwa macho yake.

Nilisema nitarudi kwa Batwa. Oktoba 2018, baada ya miaka zaidi ya 40 ya kungoja ardhi waliyoahidiwa, familia nyingi za Batwa zilirudi ndani ya hifadhi kwa nguvu. Yaliyofuata yanauma kuyasimulia. Batwa waliuawa. Walinzi waliuawa. Nyumba zilichomwa. Septemba 2019 pande zote zilikaa pamoja hapahapa Bukavu na kutia saini makubaliano, na mengi yaliyoandikwa hayakutekelezwa. Mwaka 2022 shirika la Minority Rights Group lilitoa ripoti nzito ya mauaji na ubakaji dhidi ya Batwa ndani ya hifadhi. Wakati huohuo, pale waliporudi, msitu ulikatwa kwa kasi, na wafanyabiashara wakubwa wa makala na mbao, ambao si Batwa, walijificha nyuma ya migongo yao. Mwenye shida alikuwa mbele, mwenye faida nyuma.

Kuna watu wema wanaopenda wanyama ambao mada hii inawaudhi. Wanaona kumtaja Mutwa ni kumsaliti gorila. Mimi naona kinyume. Hifadhi inayolindwa dhidi ya jirani zake inahitaji bunduki kila siku, miaka yote, na sisi watu wa Kivu tunajua bunduki haikai mkono mmoja. Siku mlinzi anapoondoka, na huku kwetu siku hiyo hufika, msitu unabaki na wale walio karibu nao. Ikiwa wana uchungu nao, watauacha usimame. Ikiwa wana uchungu juu yake, wataumaliza kwa wiki.

Sheria sasa ziko upande wa haki. Julai 2022 nchi yetu ilipata sheria ya kulinda haki za watu wa asili wa jamii ya mbilikimo. Na Julai 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilitangaza uamuzi wake katika kesi ya Batwa wa Kahuzi-Biega dhidi ya Kongo: kwamba walitolewa kinyume cha haki, kwamba warudishiwe ardhi yao, walipwe fidia na waombwe radhi. Naunga mkono uamuzi huo wote, bila kupunguza. Kurudisha ardhi hakuna maana ya kuufungulia msumeno. Wapo Batwa wanaofanya kazi ya kufuata nyayo za gorila hadi leo, na hakuna aliye bora kuliko wao. Katika msitu wa Itombwe, kusini ya jimbo letu, hifadhi ilitangazwa mwaka 2006, na baadaye mipaka yake ikajadiliwa na wenyeji kijiji kwa kijiji, sehemu za kulima zikatengwa na sehemu za kuacha zikatengwa. Kazi ilikuwa ndefu na yenye mabishano. Ndiyo kazi inayotakiwa Kahuzi.

Majirani zetu nao wana la kutufundisha. Rwanda inatoa asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi zake kwa vijiji vinavyopakana nazo: shule, zahanati, maji. Uganda inatoa asilimia 20 ya kiingilio cha hifadhi kwa serikali za maeneo jirani. Hata huko Batwa walitolewa na bado wanalia, kwa hiyo siwatoi kama mfano wa ukamilifu. Lakini mkulima ambaye viazi vyake vimeliwa na mnyama, naye akaona paa la shule limelipwa na mnyama huyohuyo, anapima mambo kwa mizani nyingine.

Na hapa kwetu wapo waliofanya bila kungoja serikali. John Kahekwa, mtoto wa huku aliyeanza kazi ya kuongoza wageni msituni, aliona majangili aliowakuta ni jirani zake wenye watoto wenye njaa. Mwaka 1992 alianzisha shirika la Pole Pole, akiwa pamoja na mtaalamu wa Kijapani Juichi Yamagiwa, ambaye baadaye alikuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Kyoto. Waliokuwa wakitega mitego walifundishwa kuchonga sanamu za gorila na kuziuza kwa wageni. Miti ya kuni ilipandwa ili watu wa Miti wasiingie hifadhini. Watoto walipata shule. Mwaka 2021 shirika hilo lilikuwa miongoni mwa waliofika hatua ya mwisho ya tuzo ya Earthshot, kwa kazi ya kuwapatia wanakijiji spirulina, aina ya mwani wa majini wenye protini nyingi, badala ya nyama ya pori. Kazi yake ilianza katika swali ambalo wengi hawakutaka kuliuliza: jangili anakula nini leo jioni?

Najua utaniambia, ndugu mtangazaji, unatuita kutembelea msitu wakati kama huu? Februari 2025 mji wetu na barabara ya Kavumu viliingia chini ya kundi lenye silaha la AFC/M23, na vilima vya kandokando vimesikia risasi nyingi. Sikuiti kuhatarisha maisha. Kabla ya kupanda, uliza hali ya njia, ongea na walio Tshivanga, na kama jibu si la uhakika, baki nyumbani. Lakini tumeona pia kwamba watalii wa mbali ndio wa kwanza kutoweka risasi inapolia, na wa mwisho kurudi. Hifadhi iliyojengwa juu ya dola zao peke yake inakufa njaa kila vita. Wanaobaki ni sisi. Kwa hiyo mgeni wa kwanza wa kuandaliwa mlango, siku ya utulivu, awe mwanafunzi wa Bukavu na mkulima wa Kabare, kwa kiingilio ambacho mshahara wa mwalimu unaweza kukimudu.

Na kwa mtoto ambaye umri wake haumruhusu kumwona gorila, au mguu wake hauwezi mlima, ipo Lwiro. Pale, kwenye kituo cha utafiti cha zamani, tangu mwaka 2002 wanatunzwa sokwe na kima waliookolewa mikononi mwa majangili na walanguzi. Ni yatima. Ili kumpata sokwe mchanga mmoja wa kuuza, majangili humuua mama, na mara nyingi hata wengine wanaomtetea. Mtoto wako akisikia habari hiyo akiwa amesimama mbele ya sokwe mwenyewe, hatatamani tena kufuga kima nyumbani. Na wewe ukiona mnyama wa namna hiyo amefungwa kamba sokoni au uani kwa mtu mkubwa, usimnunue hata kwa huruma, maana pesa yako inatuma mtu msituni kuleta mwingine. Toa habari kwa watu wa ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi. Sheria ya uhifadhi ya tarehe 11 Februari 2014 inakataza biashara hiyo, na mtu mkubwa naye yumo ndani ya sheria.

Basi, ndugu msikilizaji, kabla sijakuaga nina maombi. Mkuu wa shule, weka Kahuzi katika mpango wa mwaka wako, hata kama safari yenyewe itangoja. Mwalike mfuata nyayo, na awe Mutwa kama inawezekana, aje darasani kuwasimulia watoto anachokijua, na umlipe kama unavyomlipa mtaalamu yeyote. Ninyi wa parokia na makanisa, mliopanda mikaratusi kwenye viwanja vyenu, pandeni zaidi na muwauzie waumini makala ya miti iliyopandwa. Mwenye lori, unajua gunia lako limetoka wapi, liache. Na ninyi mnaotawala, wa leo na watakaokuja, mlioko Bukavu na mlioko Kinshasa, uamuzi wa Tume ya Afrika uko mezani tangu Julai 2024. Anzeni na ardhi ya Batwa.